Bodi Iliyouliza Kama Nasikia

Nilikimbia. Kwa muda wote huu nimekana, tena kwa uso mkavu, lakini kile kiatu cheusi kilichookotwa kwenye ngazi za karakana kilikuwa changu. Hakikuburutwa na paka kama nilivyomwambia fundi mwenzangu Sitta, na paka mwenyewe hakuwepo. Nilikuwa nakimbia bodi yenye ukubwa wa kiganja, iliyokuwa ikiendeshwa na betri mbili za mraba za volti tisa. Mimi, mwenye shahada ya uhandisi wa elektroniki iliyotundikwa sebuleni kwa mama yangu juu ya picha ya harusi yake.

Sasa nimestaafu, na hakuna wa kuniandikia barua ya onyo kwa kuacha mitambo bila mwangalizi. Siku ya kuniaga mliniomba niandike mambo ambayo kazi imenifundisha. Nadhani mlitarajia kurasa mbili za uvumilivu na nidhamu. Badala yake nitawaandikia kuhusu bodi moja, lakini nianze mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima alishuka ngazi na kiatu kimoja.

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana ya kituo chetu cha redio alikuwa Mzee Bwire, Mjita mrefu mwenye sauti ndogo, aliyevaa koti la kazi lenye mifuko iliyojaa skrubu. Alinikabidhi redio akasema, "Injinia, hii itazame. Uniambie ubovu wake." Nikaifungua. Hadi kufikia saa ya chai nilikuwa nimempatia makosa matatu, kila moja na maelezo ya darasani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, kisha akasema, "Hii redio nzima. Asubuhi nilikuwa nayo nyumbani, nasikiliza habari."

Karakana nzima ilicheka. Nilicheka pia, baada ya wiki mbili hivi.

Bwire hakuwa malaika wala nabii wa ufundi. Aliamini mita yake haidanganyi, na ilikuwa ikidanganya miaka yote. Tuligundua hilo baada ya yeye kuondoka. Mashine iliyomshinda aliipiga kofi, na ikipona alijisifu kana kwamba ameifanyia upasuaji. Lakini aliniachia tabia moja niliyoishika hadi mwisho: kabla hujafungua kitu, kisikilize. Kaa nacho. Usiwe na haraka ya kujua.

Nilikaa na vitu vingi. Nilikaa na mtambo wa kuchanganyia sauti uliokuwa ukikoroma alfajiri tu, na jua likipanda unapona. Mnajua wale wadudu wa ziwa wanaopanda juu ya maji kama moshi, hata mgeni akadhani mtumbwi unaungua huko mbali. Walikuwa wamepenya kwenye matundu ya hewa, wakafa ndani kwa maelfu, wakageuka kuwa unga. Unga ule ulinyonya unyevu wa usiku na kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Mchana unga ukikauka, mtambo unakuwa mzima. Niliufagia kwa brashi ya rangi za kucha. Bosi wa wakati ule aliuliza kama chuo kikuu ndiko tulikofundishwa brashi hiyo.

Santuri zilipoondolewa studio, mimi ndiye niliyebaki nazipenda. Jumamosi tuliruhusiwa kupokea kazi za watu wa nje, na mji ulipojua kuwa kuna mama pale Kirumba, upande wa ziwani, anayeweza kuamsha gramafoni, wakaanza kuniletea. Ndivyo Bi. Salma alivyonifikia, mwaka wangu wa mwisho kazini.

Alikuja asubuhi na kanga yake ya pili kichwani, mama mtu mzima mwembamba, mwenyeji wa Nyakato, ukoo wa Kiislamu wa pale mjini uliochanganya Unyamwezi na Uarabu na sijui wapi tena. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka mezani kitu kilichofungwa ndani ya shati la kiume.

"Mumeo?" nikauliza, nikidhani ni mzigo wa marehemu.

"Shati la mwanangu Idd. Gramafoni ndiyo ya mume wangu. Kabati lake limeliwa na mchwa, lile dude zito la ndani limeungua. Idd akaing'oa hii, akasema, mama, hii ndiyo roho yake, nitaifufua. Akaiweka chumbani." Akafungua shati taratibu. "Halafu akaenda ziwani."

Hakuhitaji kumalizia, lakini alimalizia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusimulia jambo hadi likalainika. Idd alikuwa nahodha wa boti ya kubeba dagaa kutoka visiwani. Alikuwa na Shabani, kaka wa mkewe. Upepo ukaipindua boti. Shabani alipatikana, akazikwa. Idd hakupatikana. Mzee wa familia sasa alikuwa mwana wa kwanza wa Bi. Salma, Hamisi, naye alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa ameongea na masheikh, na wamekubaliana: Ijumaa ya mwisho ya mwezi ule Idd asomewe khitma kama wafu wengine, na mkewe Rehema aingie eda, ili maisha yaendelee.

"Mimi sijakubali," alisema Bi. Salma. "Lakini sina ushahidi. Mtu mzima asiye na ushahidi anaitwa amechanganyikiwa. Basi nimesema, kama wanamsomea, kazi yake isibaki nusu. Nitengenezee hii."

Bodi ile, kwa msioijua, kazi yake ni moja. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, kama mnong'ono wa mtu mgonjwa. Bodi huuchukua mnong'ono ule na kuukuza mara mamia, kisha ndipo amplifaya iupokee. Ni sikio lililopita kiasi. Halichagui; chochote kinachoingia mlangoni, kinakuzwa.

Ilikuwa na waya tatu za umeme zilizopauka, hazina alama, na transfoma yake ndiyo ile iliyoungua. Hapa ndipo vijana wengi huua bodi: hubahatisha. Nilifuata njia pana ya shaba iliyozunguka ukingo, maana hiyo karibu siku zote ndiyo ardhi, yaani sifuri ya umeme. Kapasita kubwa zilikuwa mbili. Moja upande wake hasi umeshika ardhi, nyingine upande wake chanya umeshika ardhi. Basi bodi inataka chanya na hasi, na ardhi katikati. Ubavuni zilikuwa zimeandikwa volti ishirini na tano, kwa hiyo kwa vyovyote isifike hapo. Niliunganisha betri mbili za volti tisa, katikati yao nikatoa ardhi, na kila upande nikaweka rezista njiani, ili kama kuna mahali pameshikana iungue rezista ya bei ya pipi badala ya roho ya gramafoni. Nikapima umeme unaonywewa: kidogo tu. Nikagusa transista moja moja kwa kidole. Hakuna iliyochemka.

Chaneli ya kushoto ilikuwa bubu. Kwa lenzi nikaona risasi iliyochomelea mguu wa kapasita imepasuka mviringo, ufa mwembamba kama unywele. Nikauchomea upya. Kulia kulikuwa na mikwaruzo, kapasita imekauka, nikabadilisha. Waya za kuingiza sauti nikaziacha zilezile za zamani, ndefu kama mkono, ingawa niliona panya wametafuna ule uzi wa nje unaozikinga. Nikasema nitazibadilisha mwishoni. Kumbukeni kuwa nilisema hivyo.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Sitta alikuwa ametoka kwenda kula. Sitta mnamfahamu: baba wa watoto wanne, fundi mzuri, mwoga wa kila kitu kisichoonekana. Umeme ulikatika mji mzima. Mashine ya barafu ya jirani ikanyamaza, na redio ya duka la ng'ambo pia, na ukaja ule ukimya ambao Mwanza huwa nao mchana umeme ukienda, unaposikia hata maji yakipiga mawe huko chini. Mimi sikujali, maana nilikuwa na betri. Amplifaya ndogo nikaifunga kwenye betri ya gari. Nikawasha. Hakukuwa na sindano, wala sahani, wala santuri. Mwisho wa zile waya ulikuwa unaning'inia hewani.

Spika ikatoa mvumo mwepesi, kama pumzi. Nikainamisha kichwa kusikiliza, kama nilivyofundishwa.

Mtu akavuta hewa kupitia meno yake, karibu kabisa na sikio langu. Kisha akasema, "Unanisikia?"

Nikasimama wima bila kugeuka.

"Unanisikia? Mimi niko hapa." Kimya. Pumzi ile tena. "Kama unanisikia, nijibu."

Hapo ndipo shahada ilipobaki mezani na mimi nikawa kwenye ngazi.

Sitta alinikuta chini, nimesimama juani nikijifanya natafuta mtandao wa simu. Alikuwa ameshika kiatu changu.

"Madam, kuna mwizi kaingia?"

"Paka."

"Paka anavaa namba thelathini na tisa?"

"Sitta, umeshiba? Twende kazini."

Tulipopanda, spika ilikuwa na mvumo tu. Nilikaa mbali nayo mpaka jioni nikifanya kazi za kuandika. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilijiambia nimesikia vibaya, kisha nikajiambia nimezeeka, na hilo la pili niliona afadhali kulikubali kuliko jambo la tatu lililokuwa limekaa pale kitandani likiningoja: kwamba bodi hii ilifungwa ndani ya shati la mtu aliyezama.

Katikati ya wiki, baada ya chakula cha mchana, niliiwasha tena, safari hii Sitta akiwepo. Sikumwambia kitu. Nilitaka sikio la pili lisilopandikizwa wazo langu. Tulingoja sana. Sitta alikuwa amechoka, anapekua simu yake, spika ilipovuta hewa kwa meno.

"Nimefika kwenye mawe," ilisema. "Niko palepale. Mimi sishuki."

Sitta aliweka simu chini kwa upole kama anayeweka yai.

"Madam. Huyo nani?"

"Nawe umesikia?"

"Kasema hashuki. Hashuki wapi? Madam, hii siyo bodi. Hili ni kaburi lina waya. Irudishe kwa mwenyewe leo hii, mimi nachangia hata nauli."

Nywele za mikono yangu zilikuwa zimesimama, lakini kuwa na mwoga mwingine chumbani hukupa ujasiri usio wako. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha mlango wa kuingizia sauti na ardhi, nikaufunga kabisa. Sauti ilikatika katikati ya neno. Nikaondoa waya. Ikarudi: "...mbili tu, zile nyingine kesho." Nikafunga, ikafa. Nikafungua, ikafufuka. Nikazishika zile waya ndefu kwa mkono nikazizungusha kuelekea dirishani, sauti ikanenepa. Nikazielekeza ukutani, ikakonda.

Nilicheka kwa sauti. Laiti mngejua utamu wa kicheko kile. Kitu kilichomo ndani ya bodi hakifi kwa kufunga mlango wa nje. Hiki kilikuwa kinaingia kwa waya, zile nilizoahirisha kuzibadilisha. Zilikuwa zimegeuka antena, na transista ya kwanza, ikipigwa na mawimbi yenye nguvu, hujifanya redio bila kuombwa. Watu wa boti bado wana zile simu za upepo za mtindo wa zamani. Basi. Nikamweleza Sitta yote, nikachora na mchoro.

"Sawa," alisema Sitta akiutazama mchoro bila upendo. "Sasa mbona anayemjibu hatumsikii?"

"Yuko mbali. Bodi hainasi aliye mbali."

Nikabadilisha waya, nikachomea kapasita mbili ndogo kama punje za dengu kutoka mlangoni hadi kwenye ardhi, ili mawimbi yamwagike huko badala ya kuingia. Spika ikawa safi. Nilijisikia kama mtu aliyefukuza jini kwa kutumia kitabu cha kidato cha sita.

Bi. Salma alikuja Jumamosi, siku sita kabla ya khitma. Nikampigia santuri ya mumewe. Mikono ilimtulia mapajani, akasikiliza upande mzima bila kutikisika, na wimbo ulipokwisha alisema tu, "Alikuwa akiiwasha Ijumaa akitoka msikitini." Ningeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kupenda kusifiwa, na kazi yangu nzuri zaidi haikuonekana. Nikaanza kumweleza, kama kichekesho, jinsi bodi yake ilivyokuwa ikiongea, na jinsi nilivyoinyamazisha.

Hakucheka. "Ilikuwa inasema nini?"

"Maneno ya kawaida ya watu wa simu za upepo, mama. Unanisikia, niko hapa, sishuki."

"Sauti ya nani?"

"Ya mwanamume. Anavuta hewa kwa meno kabla ya..."

Sikumalizia. Alikuwa amesimama, na kanga imemteleza begani bila yeye kuiona. "Idd ana pengo la mbele," alisema. "Alianguka kwenye mawe ya Bugando akiwa mdogo. Hawezi kuanza neno bila kuvuta." Kisha akanigeukia, na jicho lake sikulipenda. "Umemtoa mwanangu humo?"

"Mama, sijamtoa mtu, nimeweka kapasita."

"Itoe."

"Mama..."

"Itoe, mwanangu. Rudisha ubovu wake."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuombwa hivyo na mteja. Nilichomoa mguu mmoja wa kila punje, nikafunga tena waya zilizotafunwa. Nilichomea kwa haraka, na mkichomea kwa haraka mnajua inavyokuwa. Alama zile mtaziona mkiifungua leo. Tukakaa watatu kuizunguka spika. Sitta alikuwa karibu na mlango, nadhani alishafanya hesabu ya ngazi. Hapakuwa na giza wala upepo. Jua lilikuwa limemwagika kwenye meza, inzi wanazunguka, huko chini mwaloni, boti zinapopakuliwa, wanawake wanageuza dagaa. Ule mvumo uliendelea na kuendelea, na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo usikatizwe na kitu.

Meno yakavuta hewa.

"Unanisikia? Nimefika kwenye mawe."

Bi. Salma hakulia wala hakupiga kelele. Alisogeza kiti hadi magoti yake yakagusa meza, akasema na spika kwa sauti ile mama anayoitumia kwa mtoto aliyejificha nyuma ya mlango, "Idd. Nakusikia, baba. Toka."

"Mimi sishuki," ilisema spika, na ngozi ya kichwa changu ikasogea, ingawa nilijua vizuri alikuwa akijibu mtu mwingine. "Waambie walete mtumbwi."

"Astaghafiru," alisema Sitta. "Mama, usiongee naye. Marehemu hawajibiwi."

"Hakuna marehemu hapa!" nikafoka, kwa sababu niliogopa, na mimi nikiogopa hufundisha. "Mama, nisikilize. Hii bodi haina mahali pa kuweka sauti. Haihifadhi kitu. Si kaseti, si simu. Haina cha jana wala cha mwaka jana. Inachonasa ni kile kinachosemwa sasa hivi, tena na mtu aliye karibu, hapahapa majini. Siyo roho. Ni mtu tu, ana mapafu, amebonyeza kitufe, anaongea."

Bi. Salma aliirudisha kanga begani.

"Sasa hivi," alisema.

"Ndiyo."

"Na yuko karibu."

"Ndiyo, mama, ndiyo nina..."

Nilikuwa nimeanza maneno yale ili kumvua tumaini, kwa adabu zote na kwa fizikia. Sitta aliniambia baadaye kwamba uso wangu ulibadilika kabla ya wake.

Tulikimbilia dirishani wote watatu. Ng'ambo ya mwalo, karibu na yale majabali yaliyosimama majini, boti tatu za mizigo zilikuwa zimetia nanga. Moja ilikuwa na mlingoti mwembamba uliochongoka nyuma. Mtumbwi ulikuwa ukienda kwake na kurudi na magunia. Kwa macho yetu ya umri ule, waliokuwa ndani yake walikuwa vivuli.

Sitta, na nitamheshimu kwa hili hadi nafsi yangu itoke, ndiye aliyeshuka mwaloni mbio. Alipofika boti ilishageuza. Wapakuaji walimwambia nahodha wa boti ile wanamwita Juma, hana watu, alianza kuja juzijuzi tu. Mtu mzuri, ana kasoro moja: hashuki. Mwenzake huteremka kununua mafuta na unga, yeye hubaki kwenye boti kuyatazama majabali. Walidhani ana kesi. Sitta akaacha namba yangu ya simu, na maneno machache: mama yake amemsikia kwenye bodi, na Ijumaa wanamsomea khitma.

"Kama siye?" nilimuuliza aliporudi.

"Madam, wewe ndiye uliyesema ni mtu."

"Nilisema ni mtu. Sikusema ni Idd."

Wiki ile sikulala vizuri. Mchana niliacha bodi ikiwa wazi na haikusema kitu. Boti haikurudi. Labda Juma yule ni Juma kweli, wenye mapengo ziwani wamejaa, na mimi nimempandikizia mama wa watu tumaini ambalo wanawe wangemzika nalo. Hamisi alinipigia simu mara moja. Hakutukana, alikuwa na heshima ya kuchosha.

"Dada yangu, wewe ni msomi. Mama hali. Anasema Idd yuko kwenye waya. Mimi nimeshaalika watu, nimekodi maturubai, Rehema nimeshamwandaa. Unanisaidiaje?"

"Ahirisha kidogo, kaka."

"Nimeahirisha mara ngapi? Shabani ana kaburi, tukienda tunajua pa kusimama. Huyu mwingine tusimame wapi? Wewe umesikia nini hasa?"

Nikasema nilisikia mwanamume akisema hashuki. Hamisi akaniambia, bila hasira, "Haya basi. Kama hashuki, sisi tutaendelea."

Alhamisi mchana niliomba ruhusa nikaenda Nyakato. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia Bi. Salma: kwamba nilipima vizuri ila nilihukumu upesi, kwamba nisingepaswa kumruhusu kuisikiliza. Uani maturubai yalikuwa yamefungwa nusu, masufuria makubwa yanasuguliwa kwa majivu, na mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo wakila maganda. Rehema alikuwa amekaa kwenye mkeka akichagua mchele, kijana wa kike, kichwa chini, punje moja moja, kana kwamba kila moja ina lake la kumwambia. Bi. Salma alikuwa kwenye kigoda peke yake. Hakuna aliyekuwa akimsemesha. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwamkia, nikafungua mdomo.

Simu yangu ikaita. Namba siijui.

"Haloo?"

Hakukuwa na mtu, au tuseme hakukuwa na neno. Kulikuwa na mvumo, ule mpana wa upepo juu ya maji, na ndani yake kitu cha bati kikigongagonga. Jasho lilinitoka palepale juani. Kisha, karibu kabisa na sikio langu, mtu akavuta hewa.

"Shikamoo. Nimepewa namba hii. Wewe ndiye mama wa bodi?"

"Marahaba. Ndimi."

"Wameshasoma khitma?"

"Ya nani?" nikauliza, na hadi leo nashangaa ujinga wa swali lile.

"Yangu."

Bi. Salma alikuwa ameshasimama. Sikumwambia kitu, lakini alikuwa ameshasimama, na Rehema aliacha mchele.

"Bado," nikasema. "Ni kesho, baada ya swala."

Bati likagonga. Likagonga tena.

"Shabani nilimshika mkono," alisema. "Nilimshika mpaka vidole vikakataa. Ningekuja kumwambia nini dada yake?" Akavuta hewa tena. "Hamisi keshanunua mbuzi?"

"Wawili. Wamefungwa hapa mbele yangu."

"Mwambie awafungue," alisema Idd. "Nashuka."